Sura ya Saba: Shubiri Moja Juu ya Kibofu

Wazee wetu wengi wanaolala kwenye kitanda cha utrasaundi, iwe Mbeya au Iringa, wamepelekwa pale na tezi dume. Mzee ameamka mara nne usiku kwenda msalani, mama watoto amechoka kunyamaza, kijana aliyeko Makambako ametuma nauli. Anafika asubuhi na mapema, anavua koti shingo upande kwa sababu baridi ya mwezi wa saba huku kwetu haina mchezo, analala chali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Maji umekunywa?"

"Nimekunywa hadi nimebanwa."

Ndivyo inavyotakiwa, kibofu kikijaa, tezi inaonekana vizuri. Binti wa utrasaundi anampaka tumboni ile dawa nzito yenye ubaridi, anabonyeza kifaa chini ya kitovu, anapima tezi huku na huku, anaandika. Kisha anampa karatasi ya kujifutia. Hazikupita dakika kumi. Mzee anavaa koti na kutoka, na kile kifaa kimeishia shubiri moja tu chini ya mahali ambapo kingeweza kumwepusha na kifo cha ghafla.

Sura hii inahusu shubiri hiyo. Inahusu pia upasuaji ambao kila nikiusoma upya nauona wa ajabu: kuutengeneza mshipa mkubwa kuliko yote mwilini bila kufungua tumbo, kwa kupitia tundu dogo la pajani. Nitaueleza kwa kirefu maana unastahili. Ila naamini, na nitatetea imani hiyo hadi mwisho wa sura, kwamba kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini upasuaji huo hauanzii kwenye mashine za Dar es Salaam. Unaanzia kwenye mkono wa binti huyu, pale unapoamua kupanda juu kidogo au kuishia chini.

Juu ya kibofu, mbele ya uti wa mgongo, ndipo inapopita aota. Huu ndio mshipa mkuu. Unatoka juu ya moyo, unapinda kama mpini wa mwavuli, unashuka kifuani, unapenya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, unatoa matawi ya ini, ya utumbo na ya figo, na ukifika karibu na usawa wa kitovu unagawanyika mara mbili, kila tawi na mguu wake. Pale tumboni upana wake ni kama sentimita 2, unene wa kidole gumba cha mkulima. Ukuta wake umefumwa kwa nyuzi zinazovutika na kurudi, na nyuzi hizo hupokea mapigo ya moyo kama 100,000 kila siku, mwaka hadi mwaka, bila likizo.

Fundi baiskeli yeyote wa Mwanjelwa anajua kinachotokea nyuzi hizo zikichoka. Mpira wa ndani uliolegea sehemu moja hutoa nundu. Ukiendelea kujaza upepo, nundu ndiyo inayokua, sehemu nyingine zinabaki vilevile. Ukuta unapotanuka unakuwa mwembamba, na kadiri duara linavyopanuka ndivyo ukuta unavyovutwa kwa nguvu zaidi hata kama presha ya ndani haijabadilika. Mtanuko unazaa mtanuko. Madaktari wanauita aniurizimu. Mimi nitauita mtanuko, kwa sababu ndivyo ulivyo.

Namba zake ni chache na mtu anaweza kuzishika kichwani. Aota ya tumboni ikifika sentimita 3, hiyo ina mtanuko. Ikiwa na 4, inafuatiliwa kwa vipimo. Ikifika 5.5 kwa mwanaume, au 5 kwa mwanamke, hatari ya kuiacha inaipita hatari ya kuitengeneza. Kizingiti hicho hakikuchaguliwa kwa kubahatisha: utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998 ulilinganisha waliopasuliwa mapema, wakiwa chini ya 5.5, na waliosubiri huku wakipimwa. Waliowahi kupasuliwa hawakuishi zaidi ya waliosubiri. Kwa hiyo mtu mwenye sentimita 4 hana sababu ya kukimbizwa popote. Anachohitaji ni kujulikana.

Anayekabiliwa na jambo hili zaidi ni mwanaume aliyevuka miaka 65, aliyevuta sigara, mwenye presha, au ambaye baba yake au ndugu yake wa tumbo moja aliwahi kuwa nalo. Sigara ndiyo inayoongoza. Moshi wake huamsha kemikali zinazokula zile nyuzi za ukuta kidogo kidogo, na athari hiyo haiishi siku mtu anapoacha kuvuta, ingawa hupungua. Jambo hili linatuhusu kwa namna ya pekee. Tumbaku imelimwa Chunya na Iringa kwa vizazi. Iringa walikuwepo hadi walowezi wa Kigiriki walioishi kwa zao hilo. Wako wazee waliosomesha watoto kwa majani ya tumbaku, na baadhi yao wameyavuta hayo hayo, kwa kiko au kwa sigara, tangu ujana. (La kushangaza, wenye kisukari hupata mtanuko huu kwa nadra zaidi kuliko wengine. Wataalamu wamelithibitisha hilo mara nyingi, lakini mwenye kisukari asivute sigara kwa kulitegemea.)

Mtanuko hauumi. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Hauleti homa, haumkondeshi mtu, haumnyimi usingizi. Mtu mwembamba anaweza siku moja, akiwa amelala chali, kuhisi kitu kinadunda juu ya kitovu kama moyo wa pili, akadhani ni gesi. Wengi hawahisi chochote hadi siku unapopasuka. Siku hiyo maumivu huja kama kisu, mgongoni au ubavuni, jasho jembamba linatoka, mtu anazimia. Anayepokea mgonjwa huyo anaweza kudhani ni mawe ya figo. Tukihesabu wote wanaopasukiwa, pamoja na wanaofia nyumbani na njiani, karibu wanane katika kila kumi hufa.

Nimekaa misiba ya namna hii. Mzee mwenye nguvu zake, jana yake alikuwa shambani anachimba viazi, leo amelala kwenye mkeka. Hakuna aliyempima, hakuna atakayempima, mazishi ni kesho saa nane. Na kwa kuwa kifo hakikupewa jina, watu wanakitafutia jina wenyewe. Minong'ono inaanzia jikoni kwa akina mama, inahamia kwa wanaume waliozunguka moto, na kabla ya arobaini kuna nyumba fulani jirani ambayo haisalimiwi tena.

Kuna jambo la zamani linalonirudia kila ninapofikiria misiba hiyo. Katika miaka ya 1930 wanaanthropolojia wawili, Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, waliishi Rungwe miongoni mwa Wanyakyusa. Monica aliandika baadaye kwamba watu walieleza uchawi kuwa ni chatu anayekaa tumboni mwa mtu, na kwamba maiti zilifunguliwa tumbo ili watu watazame. Naomba asitokee wa kuwacheka. Watu wale walikataa kukaa na kifo kisicho na sababu. Waliamini kwamba kilichomuua mtu kimo ndani na jicho linaweza kukiona, nao walikuwa na ujasiri wa kwenda kukitafuta. Leo hatufungui maiti, na kutazama tumeacha. Kumbe sasa tuna kifaa cha kutazama ndani ya tumbo bila kisu, mtu akiwa hai, anazungumza, na bado kuna muda wa kufanya kitu.

Kufanya nini? Kwa muda mrefu hapakuwa na jibu la maana. Mwaka 1948 daktari Rudolph Nissen alimfungua tumbo Albert Einstein mjini New York, akakuta mtanuko, na kitu pekee alichoweza kufanya ni kuuzungushia karatasi laini ya selofani, ile ya kufungia vyakula, ili mwili uchokozwe na kutengeneza kovu gumu kuuzunguka. Einstein aliishi miaka sita na zaidi. Aprili 1955 mtanuko ulipasuka, akakataa kupasuliwa tena, na akafa tarehe 18 akiwa na umri wa miaka 76. Wakati huo tayari njia bora zaidi ilikuwepo: mwaka 1951, mjini Paris, Charles Dubost alikuwa ameukata mshipa uliotanuka na kuweka mahali pake mshipa uliotolewa kwa maiti.

Mishipa ya maiti haikudumu. Hapo ndipo anapoingia Michael DeBakey wa Houston, na kisa chake kitawafurahisha mafundi cherehani. DeBakey alikuwa amefundishwa kushona na mama yake. Alikwenda dukani kununua nailoni, akaambiwa imekwisha, akapewa kitambaa kipya kilichoitwa Dacron. Akakipeleka nyumbani, akakishona kuwa bomba kwa cherehani ya mkewe. Dacron ni poliesta, ndugu wa damu wa ile tetroni tuliyoshonewa sare za shule: haichakai, haiozi, haipanuki. Sifa zilizoifanya tetroni ipendwe na kila mzazi mwenye watoto watano ndizo zilizoifanya ifae kupitisha damu. Hadi leo kitambaa hicho kimo ndani ya matumbo ya maelfu ya watu duniani.

Ila kukifikisha mahali pake kulihitaji njia ndefu. Katika upasuaji wa wazi tumbo linakatwa kutoka chini ya kidari hadi chini ya kitovu. Utumbo wote unasogezwa pembeni. Aota inabanwa kwa koleo juu ya mtanuko, damu ya miguu yote miwili inasimama, daktari anafungua mtanuko, anasafisha damu iliyoganda ndani, anashona bomba la kitambaa juu na chini, kisha anaachia koleo taratibu huku daktari wa usingizi akiilinda presha isianguke. Zinahitajika chupa za damu za akiba, chumba cha wagonjwa mahututi na wauguzi waliozoea kazi hiyo. Mgonjwa hukaa hospitalini wiki nzima au zaidi, na miezi miwili au mitatu hupita kabla hajashika jembe. Mapafu yaliyoharibiwa na sigara huenda yasivuke daraja hilo, na wenye mtanuko wengi ndio hao hao wenye mapafu hayo.

Juan Parodi, daktari wa Buenos Aires, aliliwazia hilo kwa miaka mingi. Kama ndani ya mshipa kuna njia, kwa nini tuingie kwa kubomoa ukuta wa nyumba? Raia mwenzake, Julio Palmaz, alikuwa amebuni stenti, kibomba cha wavu wa chuma kinachoingia kikiwa kimekunjwa na kupanuliwa kikifika. Parodi alishona kitambaa cha Dacron juu ya stenti ya Palmaz, akakikunja ndani ya mrija, na Septemba 1990 akakipitisha kwenye mshipa wa paja wa mzee mwenye ugonjwa mbaya wa mapafu ambaye hangestahimili kufunguliwa tumbo. Kikafika, kikapanuliwa, damu ikaanza kupita ndani ya kitambaa badala ya kuusukuma ukuta. Kwa haki ni lazima nimtaje pia Nikolay Volodos wa Kharkiv, Ukraine, aliyefanya jambo la namna hiyo kwenye aota ya kifuani mwaka 1987, miaka mitatu kabla. Aliandika kwa Kirusi, katika dunia iliyogawanyika, na wengi wakachelewa sana kumsikia. Ninapoandika haya kwa Kiswahili namkumbuka.

Leo kazi yenyewe huenda hivi. Kabla ya kitu chochote mgonjwa anapigwa picha ya siti skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na picha hiyo inapimwa milimita kwa milimita kama fundi anavyompima mteja wa suti. Kinachotafutwa kwanza ni shingo, yaani ile sehemu ya aota yenye afya kati ya mishipa ya figo na mwanzo wa mtanuko. Inatakiwa iwe na urefu wa kama milimita 10 hadi 15 ili kitambaa kipate pa kushika. Shingo ikiwa fupi mno, au imepinda, au ina kutu ya chokaa, bomba la kawaida halitafaa, na wapo wagonjwa wanaorudishwa kwenye upasuaji wa wazi kwa sababu hiyo pekee.

Siku ya kazi mgonjwa anaweza kupewa nusu kaputi, au ganzi ya mgongo, au hata ganzi ya pale pajani tu. Mapaja yote mawili yanatobolewa. Njia ya kuingia ni ile aliyoibuni Msweden Sven-Ivar Seldinger mwaka 1953, na ni rahisi hadi mtu anashangaa kwa nini ilichelewa: sindano inaingia kwenye mshipa, waya laini unapita ndani ya sindano, sindano inatolewa, waya unabaki, na kila kitu kinachofuata kinateleza juu ya waya huo kama treni ya TAZARA juu ya reli. Eksirei inaonyesha kila hatua kwenye kioo.

Linalopandishwa ni suruali. Silitumii neno hilo kwa mzaha. Ndilo umbo lake. Kiuno kinakaa chini tu ya mishipa ya figo, na kwa kuwa aota inagawanyika mara mbili, suruali ina miguu miwili. Ila haiwezi kupita nzima kwenye tundu moja la paja, kwa hiyo sehemu ya kwanza ina mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi uliokatika juu. Sehemu hiyo inapandishwa kutoka paja la kulia, kwa mfano. Halafu kutoka paja la kushoto daktari anapandisha waya mwingine na kuulenga kwenye mdomo wa ule mguu mfupi, ndani ya mtanuko uliojaa damu inayozunguka. Wakati mwingine hapo ndipo panapokula muda kuliko kazi yote iliyobaki. Akishapenya, anachomeka mguu wa pili. Wavu wa suruali ni nitino, mchanganyiko wa nikeli na titani wenye tabia ya kukumbuka umbo lake: ukibanwa ndani ya mrija unatii, ukiachiwa kwenye joto la mwili unarudi ulivyofundishwa. Mwisho dawa ya kung'arisha inapitishwa kuona kama kuna pengo, matundu ya mapaja yanazibwa, na baada ya siku mbili au tatu mzee anaweza kwenda nyumbani.

Nimeandika "anaweza kwenda nyumbani". Kwa mtu wa Chunya, ugumu unaanzia kwenye maneno hayo.

Utafiti wa Uingereza ulioanza mwaka 1999 uliwagawa wagonjwa waliofaa kwa njia zote mbili, wengine tumbo wazi, wengine tundu la paja. Katika siku 30 za mwanzo walikufa asilimia 4.7 ya waliofunguliwa na asilimia 1.7 ya waliopitishiwa pajani. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini wagonjwa hao waliendelea kufuatiliwa kwa miaka 15, na matokeo yalipotolewa mwaka 2016 faida ile ilikuwa imeyeyuka. Baada ya miaka minane, waliokufa kwa sababu ya mtanuko wenyewe walikuwa wengi zaidi upande wa tundu dogo.

Sababu ni kwamba upasuaji wa wazi unakata na kushona, ukaisha. Suruali ya ndani haishonwi. Inashika kwa kubana. Mtanuko bado upo, umezingirwa tu. Kiuno kinaweza kuteleza kadiri shingo inavyopanuka, miguu inaweza kuachana, na vimishipa vidogo vya mgongoni vinaweza kurudisha damu kwenye mfuko kutoka nyuma. Damu ikivuja humo, mfuko unaanza kukua tena, kimya kimya kama mwanzo. Dawa yake ni kupimwa: mwezi mmoja baada ya kazi, kisha kila mwaka, maisha yote. Anayepimwa hurekebishwa, mara nyingi kwa tundu dogo jingine. Asiyepimwa anaishi na bomu lililofunikwa shuka. Mwaka 2020 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, nchi yenye mashine kila mji, iliwashauri madaktari wampe upasuaji wa wazi mtu anayeweza kuustahimili.

Kwa hiyo hapa nasema ninachokiamini mimi. Tundu dogo tumelizoea kulisikia likisifiwa kama maendeleo, na kovu refu kama ushamba. Kwa mzee wa miaka 68 mwenye mapafu mazuri anayekaa saa saba kutoka kwenye siti skani ya karibu, na ambaye mwakani huenda asiwe na nauli, kovu refu linaweza kuwa ndiyo tiba ya kisasa zaidi. Kwa mwenzake wa miaka 76 anayehema akipanda ngazi, lakini anaishi Forest mjini Mbeya na binti yake ni muuguzi, tundu dogo linafaa. Daktari anayeuliza upana wa mtanuko na asiulize "Mzee, unakaa wapi, na nani atakurudisha?" ameuliza nusu ya swali.

Umbali wetu unajulikana. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 830 kwa barabara. Kutoka Iringa ni kama 500, na kati yake kuna mteremko wa Kitonga ambao lori moja likilala linaweza kuwasimamisha wote. Aota iliyopasuka haisubiri foleni ya Kitonga. Hata ndege ya Songwe haisaidii sana mtu ambaye damu inamwagikia tumboni saa tisa usiku. Ila mtanuko uliogunduliwa ukiwa na sentimita 4.5 una muda wa kupanda basi, kusubiri miadi, kuuza ng'ombe, kuitisha kikao cha ukoo. Barabara inayomuua mtu wa dharura inamtosha kabisa mtu aliyewahi kujulikana.

Na vya kufikia vipo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inapokea wagonjwa wa mikoa saba, na kituo cha Damu Salama cha kanda kiko mjini hapo hapo. Katika zile shilingi trilioni 1.3 za mapambano dhidi ya UVIKO-19, sehemu ilinunua mashine za siti skani kwa hospitali za rufaa za mikoa, kipimo ambacho kabla ya hapo wengi walikisafiria. Benjamin Mkapa ya Dodoma, ambayo mtu wa Iringa anaifikia kwa njia ya Mtera bila kuuona Kitonga, ina kathlabu, yaani chumba cha kutibia mishipa kwa waya na mirija chini ya eksirei. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa mwaka 2015 ndani ya eneo la Muhimbili, ina madaktari wanaozibua mishipa ya moyo kwa waya ule ule wa Seldinger, kwa wagonjwa ambao zamani wangepelekwa India. Kinachobaki kuwa kigumu ni gharama ya suruali yenyewe, ambayo ni maelfu ya dola, na bima ya afya kwa wote, iliyotungiwa sheria mwaka 2023, itapimwa kwa mambo kama haya.

Kuna jambo jingine linalotutofautisha na vitabu vya Ulaya. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, mikoa mitatu iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU nchini ilikuwa Njombe, asilimia 12.7, Iringa, 11.1, na Mbeya, 9.6. Madaktari wa Durban, Afrika Kusini, walieleza tangu miaka ya 1990 mitanuko ya mishipa kwa watu wenye VVU: watu wa umri mdogo, wasio na historia ya sigara, wenye mitanuko zaidi ya mmoja na mahali pasipotarajiwa, shingoni, pajani, tumboni. Vimishipa vidogo vinavyoulisha ukuta wa mshipa mkubwa ndivyo vinavyowaka, na ukuta unakufa njaa. Kifua kikuu na salmonela navyo huweza kuuoza ukuta wa aota. Kwa mgonjwa wa namna hiyo suruali ya kitambaa ni jambo la kufikiriwa mara mbili, maana kitambaa kikiwekwa penye usaha wadudu wanakifanya nyumba, na dawa haiwafikii. Daktari wa Mbeya akikutana na mtanuko kwa mtu wa miaka 38, asisome ukurasa wa wazee wa sigara.

Lakini janga hilo hilo limetufundisha kitu ambacho London haikukifahamu kama tunavyokifahamu sisi. Nyanda za Juu Kusini zina maelfu kwa maelfu ya watu ambao kwa miaka 15, 20, hawajakosa siku yao ya CTC, yaani kliniki ya tiba ya VVU. Kadi imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, tarehe inajulikana hata na mjukuu, na asipofika, mhudumu wa jamii anapita nyumbani kuuliza kulikoni. Watu waliojengewa mfumo huo wamezeeka kwa dawa. Sasa wanafika umri ambao aota huanza kulegea. Anayesema mwanakijiji hawezi kurudi kila mwaka kupimwa hajawahi kukaa benchi la CTC ya Makete asubuhi ya mvua. Rejista moja ya mitanuko kwenye hospitali ya kanda, simu moja kwa mwaka, kadi moja: hilo likiwepo, ule uzito niliouweka upande wa kovu refu unapungua, na wazee wengi zaidi wataweza kuchagua tundu dogo kwa usalama.

Yote hayo, hata hivyo, yanamsubiri mtu ambaye bado hajaonekana. Uingereza humwita kila mwanaume anapofika miaka 65 apimwe aota mara moja, na utaratibu huo ulianza kuenea mwaka 2009. Sisi hatuna haja ya kumwita mtu. Wanaume wetu wa umri huo wamekwisha kuja wenyewe, kwa ajili ya tezi. Wako kitandani, tumbo limepakwa dawa, mashine inawaka. Gesi ikiziba, mzee anageuzwa ubavu kidogo. Dakika mbili, kipimo kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje, namba moja kwenye fomu.

Tumfikirie basi mzee wa mwanzo wa sura, na binti ambaye safari hii mkono wake haukuishia kwenye kibofu.

"Mzee, uliwahi kuvuta sigara?"

"Zamani. Niliacha nilipookoka."

"Kuna mshipa wako mkubwa hapa umepanuka kidogo. Sentimita tatu na nukta nane. Si wa kupasuliwa leo wala kesho. Daktari atakueleza, presha itadhibitiwa, na utarudi kupimwa kwa tarehe atakayokupa."

"Nitarudi."

"Na una wadogo zako wa kiume?"

"Wako watatu. Mmoja Kyela, mmoja Chimala, mmoja alihamia Nakonde, ng'ambo."

"Wana umri gani?"

"Wote wamevuka sitini, mwanangu."

Binti anampa karatasi ya kujifutia na kumwambia asiondoke kwanza. Simu ipigwe Kyela, Chimala na Nakonde kabla hajapanda basi.